Kutoka lumbe hadi disko matanga: historia ya mikesha ya wafu mpakani

Oktoba ikielekea ukingoni, baa na maduka makubwa ya Nairobi na Kampala hutundika maboga ya plastiki na mafuvu ya karatasi. Vijana hulipa kiingilio, wakajipaka damu ya bandia na kucheza Halloween hadi alfajiri. Jumapili inayofuata, wahubiri huwaonya waumini wasichezee mizimu ya Wazungu.

Huku mpakani, kuanzia Petta katika nchi ya Wapadhola, wilayani Tororo, hadi Busia zote mbili, ya Uganda na ya Kenya, ubishi huo hauna wasikilizaji wengi. Watu wa huku wamekesha na wafu wao tangu zamani, kwa ngoma, kwa pombe na kwa wageni wasio na idadi. Shida yao ni nyingine: mkesha uliokuwa na wenyewe umegeuka kuwa disko matanga, yaani dansi ya usiku kucha penye msiba, nayo serikali imelipiga marufuku mara nyingi kuliko watu wanavyoweza kukumbuka, na bado linapigwa.

Kazi ya lumbe

Kwa Wapadhola, Wanyole, Wasamia na majirani zao, mazishi hayakuwa mwisho wa shughuli. Miezi kadhaa baadaye, pengine miaka, ukoo uliitisha lumbe. Siku hiyo ndiyo mrithi alipotajwa mbele ya watu, madeni ya marehemu yalipozungumzwa, na mambo ya mjane na watoto yalipowekwa sawa. Buganda na Busoga nao wana shughuli ya aina hiyo. Aliyekuwa na dai alilileta hapo, wazee wakalimaliza.

Shughuli kubwa kama hii ilingoja ghala lijae. Ndiyo maana lumbe nyingi huangukia kiangazi cha Desemba na Januari, mavuno ya pili yakiwa yameingia, njia ni kavu, na watoto wa nyumbani wamerudi kutoka mijini kwa Krismasi.

Kazi ilianzia kwenye wimbi. Unga wake ulilowekwa maji kidogo, ukafunikwa siku kadhaa hadi uchache, kisha ukakaangwa juu ya moto mpaka ukageuka rangi, halafu ukaanikwa juani. Baadaye ulichanganywa na kimea, yaani wimbi lililooteshwa, kukaushwa na kusagwa, ukatiwa mtungini pamoja na maji. Baada ya siku chache pombe ilikuwa tayari. Wazee waliuzunguka mtungi, kila mmoja na mrija wake mrefu wenye kichujio kilichosukwa kwenye ncha, na kila kina kilipopungua mwenyeji aliongeza maji ya moto.

Mtungi huo ulikuwa na sheria zake. Ivan Karp, mwanaanthropolojia Mmarekani aliyeishi na Wateso wa upande wa Kenya, aliandika mwaka 1980 kuhusu unywaji wao wa pombe. Alionyesha jinsi adabu ya kuketi na kunywa ilivyobeba heshima ya ukoo, ya wakwe na ya majirani. Mlevi alikuwepo, lakini alikuwepo mbele ya baba mkwe. Upande wa Padhola, tongoli, kinanda cha nyuzi, na ngoma ndefu ya fumbo zilivuma usiku kucha, na waliozipiga walikuwa watu wanaojulikana kwa majina na kwa vijiji vyao.

Kusini kidogo, kwa Wajaluo wa Siaya, kulikuwa na tero buru. Mtu mzima wa heshima akifariki, wanaume walikusanya ng'ombe, wakashika mikuki na ngao, wakavaa ngozi na manyoya, wakatoka mbio kwa kelele hadi mbali na boma ili kukifukuza kifo. Anayedhani kujipamba kutisha mauti kulianzia Marekani hajawahi kukutana na msafara huo njiani.

Mpaka, misheni na amri za chifu

Hadi Machi 1902, Busia yote ilihesabiwa kuwa Uganda. Tarehe 1 Aprili mwaka huo, Waingereza walilihamishia jimbo la mashariki la Uganda katika himaya yao ya Afrika Mashariki, ambayo baadaye ikawa Kenya. Wasamia na Wateso wakajikuta na makaburi ya babu pande mbili za mstari. Tangu wakati huo msiba wa mpakani huvuka mpaka: maiti upande huu, wajomba upande ule. Kituo cha pamoja cha forodha kilichozinduliwa Busia na marais wa nchi zote mbili mwezi Februari 2018 kimerahisisha safari za malori na abiria. Waombolezaji wa usiku bado wanajua njia za panya.

Wamisionari wa Mill Hill walifika Uganda mwaka 1895 na kupewa upande wa mashariki. Walikuja na kalenda yenye siku mbili zinazofuatana: Watakatifu Wote tarehe 1 Novemba na Marehemu Wote tarehe 2. Halloween ni mkesha wa ile ya kwanza. Hivyo sikukuu yenyewe iliingia Tororo na Busia mapema sana, ikiwa na misa na sala za makaburini, kabla mtu yeyote hajaona boga lenye macho. Wakristo wengi waliipokea bila kuacha lumbe. Asubuhi walifyeka kaburi na kumsikiliza padri, na kiangazi kilipofika walikaa kwenye mtungi.

Serikali ya kikoloni ndiyo haikuzoea. Kwa afisa wa wilaya, umati wa usiku wenye pombe na majina ya mababu ulikuwa hatari ya kisiasa. Sheria ya machifu ya Kenya ya mwaka 1937 ilimpa chifu uwezo wa kudhibiti pombe na kuzuia mikusanyiko ya kunywa. Halafu ikaja Dini ya Msambwa ya Elijah Masinde, iliyowaita watu warudi kwa mababu. Februari 1948 polisi waliwafyatulia risasi wafuasi wake Malakisi, si mbali na mpaka wa Uganda, na watu wakafa. Dini hiyo ikapigwa marufuku mwaka huohuo. Kenya huru iliiruhusu, kisha ikaipiga marufuku tena mwaka 1968. Chifu wa leo anayekuja kuzima muziki wa matanga saa nne za usiku amerithi kazi yenye historia ndefu.

Jenereta linapoingia bomani

Disko matanga halikuanza kwa ubaya. Gharama za msiba zilipanda: mochari, jeneza, gari la kuleta maiti kutoka Nairobi au Kampala, chakula cha waombolezaji wa wiki nzima. Wakati huohuo santuri iliipokea ngoma, kaseti ikaipokea santuri, na mwishowe DJ akaja na spika zake na jenereta. Familia iligundua kwamba muziki unaleta watu, na watu wanaleta pesa. Wajaluo walikuwa tayari na pakruok, ambapo mtu husimamisha muziki ili ajisifu au amsifu rafiki, na kila sifa ina bei. Desturi za namna hiyo zilihamia kwenye disko: lipa wimbo upigwe, lipa wimbo ukatwe, lipa mwenzako aruhusiwe kuketi. Sahani ya michango ikajaa, jeneza likanunuliwa.

Ukipita Busia usiku wa disko, unakuta gulio kamili. Kuna taa za betri juu ya meza za mayai ya kuchemsha na kachumbari, karai la maandazi, miwa iliyokatwa vipande, karanga kwenye vikaratasi, sigara moja moja. Boda boda zimepangwa barabarani zikingoja abiria, katika mji uleule ambako waendesha baiskeli walianza kuwavusha watu kutoka forodha moja hadi nyingine na kuipa kazi hiyo jina. Mama muuza uji anaweza kupata usiku mmoja kile ambacho soko la mchana halimpi kwa siku kadhaa.

Anayekosekana ni mwenye shughuli. Wazee wako ndani na maiti, mjane analia chumbani, na kiwanja kimeachiwa DJ asiyemjua mtu. Wanaocheza wengi hawakumjua marehemu. Wasichana wa shule wamo, na giza la shambani liko hatua chache tu. Walimu na machifu wa Magharibi ya Kenya wamelalamika kwa miaka mingi kuhusu mimba za utotoni, ubakaji na visu, na kilio hichohicho kimesikika Pwani, Kilifi na Kwale. Malalamiko hayo ni ya kweli. Ndiyo maana marufuku hutolewa, hutangazwa barazani, na msiba ujao unapotokea jenereta linawashwa tena.

Marufuku pekee iliyofanya kazi ilikuwa ya Korona. Machi 2020 Kenya iliweka kafyu ya usiku kuanzia tarehe 27, na mazishi yakabanwa hadi watu 15. Disko likanyamaza. Pamoja nalo yakanyamaza mambo yote mengine: kilio cha majirani, michango, kazi ya kumpa mjane watu wa kumkalisha usiku. Kafyu ilipoondolewa, mikesha ilirudi, na spika zikarudi nayo.

Waairishi na vijana wa Anoka

Wenye Halloween yao walipitia njia hiyohiyo. Waselti wa Ireland walikuwa na Samhain, sikukuu ya mwisho wa mavuno, ambapo iliaminika kuwa wafu wanakaribia nyumba za walio hai. Katika karne ya 8 Papa Gregori wa Tatu aliweka wakfu kanisa dogo la watakatifu mjini Roma tarehe 1 Novemba, mwaka 835 sikukuu hiyo ikaenezwa zaidi chini ya Gregori wa Nne, na karibu na mwaka 1000 Abati Odilo wa Cluny akaiongezea siku ya marehemu wote. Maskini walipita mlango hadi mlango wakiahidi kuwaombea wafu wa nyumba ile, nao wakapewa mikate. Njaa kuu ya miaka ya 1840 iliwasukuma Waairishi kuvuka bahari, na taa yao ya kuchonga kwenye tanipu ikapata boga la Marekani, kubwa na laini kuchonga.

Kufikia mwanzo wa karne ya 20, Halloween ya Marekani ilikuwa usiku wa uharibifu. Vijana waliangusha vyoo vya nje, wakapaka sabuni madirisha ya maduka na kufungulia mifugo ya watu. Katika mji mdogo wa Anoka, jimbo la Minnesota, wakazi waliamka na kukuta ng'ombe wakizurura barabara kuu. Mwaka 1920 viongozi wa mji waliacha kukemea, wakaandaa gwaride. Watoto wakapita mitaani wamevaa vinyago, bendi ikapigwa, na mwishoni kila mtoto akapewa karanga, bisi na peremende. Sherehe ilipata saa ya kuanza na saa ya kumalizika, na wazazi walikuwa wamesimama kando ya barabara. Mwaka 1937 mtoto wa mji huo alipeleka Washington ombi la kuutambua kuwa mji mkuu wa Halloween duniani, na gwaride lingalipo hadi leo.

Kinyume chake kilionekana Seoul. Tarehe 29 Oktoba 2022, umati wa vijana uliojaa vichochoro vya mtaa wa Itaewon kwa Halloween ulisongamana na watu 159 wakafa. Hakukuwa na mwandaaji rasmi, wala aliyepewa kazi ya kuelekeza umati. Kila mtu alikuwa mgeni, na mwenyeji hakuwepo.

Hatuhitaji kwenda Minnesota kutafuta mfano mwema. Makunduchi, kusini mwa Unguja, kila Julai watu huadhimisha Mwaka Kogwa, sherehe yenye asili katika Nairuzi ya Waajemi. Wanaume hupigana kwa migomba hadi kinyongo cha mwaka kiishe, banda la makuti huchomwa moto huku aliyekuwa ndani akichomoka mbio, na wanawake hupita wakiimba wamevaa kanga mpya. Ni vurugu, lakini vurugu yenye wazee wake, kiwanja chake na zamu yake. Nyumba isiyopata mgeni wa kula hujiona ina mkosi, kwa hiyo watalii na viongozi wa serikali hukaribishwa bila kuuvunja utaratibu wa wenyeji.

Mpakani tuna vitu vyote hivyo isipokuwa mwenyeji. Kiangazi tunacho, wageni wa Krismasi tunao, wauza maandazi hawahitaji kufundishwa. Tarehe 2 Novemba tayari iko kwenye kalenda ya parokia pande zote mbili. Lumbe bado inafanyika, na inaweza kupewa mchana wake: ngoma za ukoo, michango inayohesabiwa hadharani, wauzaji waliopangiwa nafasi, watoto waliokuja na wazazi wao. Usiku ubakizwe kwa jamaa na majirani wa kukesha na mfiwa.

Hilo halifanyiki kwa tangazo la baraza. Linahitaji chifu, katekista na mkuu wa ukoo wakutane kabla DJ hajalipwa, waandike ni nani anashika lango, ni nani anawarudisha watoto nyumbani, na jenereta linazimwa saa ngapi. Msiba usio na majibu hayo usipewe kibali. Wenye majibu upewe, na polisi wakalale.