Namna ya Kuisoma Rekodi ya Kocha Mkuu Mpya wa Taifa Stars

Kila Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania (TFF) linapomtangaza kocha mkuu mpya wa Taifa Stars, mjadala huanza kabla kocha mwenyewe hajakutana na wachezaji wake. Jijini Dar es Salaam mjadala huo husikika tangu alfajiri katika Soko la Samaki Feri, kisha huhamia Kariakoo, Mtaa wa Msimbazi yaliko makao ya Simba na makutano ya Twiga na Jangwani yaliko makao ya Yanga. Swali huwa moja: ametwaa nini huko alikotoka?

Swali hilo ni la haki. Timu ya Taifa ni mali ya wananchi, na mwaka 2006 Serikali ya Awamu ya Nne ilipobeba mshahara wa Mbrazili Márcio Máximo, uteuzi wa kocha ulikuwa pia suala la fedha za umma. Hata hivyo, orodha ya makombe haitoshi kumpima mtu. Makocha waliopita Taifa Stars tangu mwaka 2018 wanaonesha kwamba rekodi ileile inaweza kusifiwa au kulaumiwa kutegemea nani alikuwa mpinzani, kikosi kilijengwa na nani, na kocha alipewa muda gani.

Mfano wa kwanza ni Emmanuel Amunike wa Nigeria, aliyeteuliwa Agosti 2018. Wachache walioajiriwa nchini waliwahi kuja na jina kubwa kama lake: Mwanasoka Bora wa Afrika mwaka 1994, na kocha aliyeipa Nigeria Kombe la Dunia la vijana wa chini ya miaka 17 nchini Chile mwaka 2015. Jambo ambalo halikuzungumzwa sana ni kwamba kombe hilo lilipatikana katika kazi ya aina nyingine. Kocha wa vijana hukaa kambini na kundi lilelile kwa muda mrefu, akalifinyanga atakavyo. Kocha wa timu ya wakubwa hupewa siku chache kabla ya mchezo, huku baadhi ya wachezaji wakiwa ndiyo kwanza wanashuka kwenye ndege.

Amunike alitimiza alichoajiriwa kukifanya. Machi 24, 2019, katika Uwanja wa Taifa ambao sasa unaitwa Benjamin Mkapa, Taifa Stars iliifunga Uganda mabao 3-0 na kufuzu Fainali za Mataifa ya Afrika (AFCON) kwa mara ya kwanza tangu fainali za Lagos za mwaka 1980. Miaka 39 ya kusubiri ilifika mwisho. Nchini Misri timu ilifungwa na Senegal 2-0, na Kenya 3-2 na Algeria 3-0, na mwezi Julai kocha huyo akaondoka.

Vipigo vitatu katika michezo mitatu ni hesabu mbaya kwa yeyote. Lakini Algeria na Senegal ndizo zilizokutana katika mchezo wa fainali wa mashindano hayo, na Algeria ikatwaa kombe. Taifa Stars ilikuwa imepangwa na timu mbili zilizokuja kuwa bora kuliko zote barani. Mchezo uliostahili kuhojiwa kwa ukali ni ule wa Kenya, ambao Tanzania iliongoza mara mbili na bado ikapoteza. Msomaji wa rekodi anayehesabu vipigo bila kutazama majina ya wapinzani huweka michezo yote mitatu katika kapu moja, na hapo hukumu hupotoka.

Upande wa klabu, somo kama hilo lilionekana msimu wa 2023/24. Novemba 5, 2023 Yanga iliifunga Simba mabao 5-1, na siku mbili baadaye Simba ikaachana na kocha wake, Roberto Oliveira. Aliyeletwa kuziba nafasi ni Abdelhak Benchikha wa Algeria, ambaye wasifu wake uliwanyamazisha wengi Kariakoo. Miezi michache nyuma, akiwa na USM Alger, alikuwa ametwaa Kombe la Shirikisho Afrika kwa kuifunga Yanga yenyewe katika fainali, kisha akaishinda Al Ahly katika Kombe la Super la Afrika. Alikabidhiwa kikosi ambacho hakukichagua, katikati ya msimu. Aliifikisha Simba robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika, ikatolewa na Al Ahly, na mwishoni mwa Aprili 2024, baada ya kutwaa Kombe la Muungano, akaondoka.

Aliyemfunga mtangulizi wake mabao matano hakuwa na wasifu wa aina hiyo. Miguel Gamondi wa Argentina alifika Yanga Juni 2023 akiwa amefundisha klabu kadhaa za Afrika Kusini na Moroko, na wasifu wake ulikuwa mrefu wa safari kuliko wa makombe. Msimu wake wa kwanza ulileta ubingwa wa Ligi Kuu na Kombe la Shirikisho la nyumbani, na Yanga ikacheza hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa kwa mara ya kwanza tangu mwaka 1998, hadi ilipotolewa robo fainali kwa mikwaju ya penalti na Mamelodi Sundowns. Ni kweli kwamba alirithi nyumba iliyokwisha kujengwa na Nasreddine Nabi, aliyeipa Yanga mataji mawili mfululizo ya ligi. Ni kweli pia kwamba aliirithi bila Fiston Mayele na bila Feisal Salum, waliokuwa wameondoka. Mtu mwadilifu huandika yote mawili. Novemba 2024, baada ya kufungwa na Azam na kisha Tabora United katika michezo miwili ya ligi iliyofuatana, Gamondi akaachishwa kazi.

Kuna upande wa rekodi ambao mashabiki huusahau kwa sababu hauna kombe, nao ni nidhamu. Adel Amrouche, aliyeteuliwa Machi 2023, alikuwa na sifa njema za ufundi. Akiwa na Kenya alitwaa Kombe la Chalenji la CECAFA mwaka 2013. Alikuwa pia amewahi kufungiwa na Shirikisho la Soka Barani Afrika (CAF) mwaka 2014 akiwa na kazi hiyohiyo. Alitufikisha AFCON kwa sare ya bila kufungana ugenini Algeria mnamo Septemba 2023, kazi ambayo haipaswi kudogoshwa. Januari 2024, nchini Côte d'Ivoire, CAF ilimfungia michezo minane kwa kauli zake kuhusu Moroko, na TFF ikamsimamisha mashindano yakiwa yanaendelea.

Ndipo timu ilipokabidhiwa kwa Hemed Suleiman, anayejulikana kwa jina la Morocco, akisaidiwa na Juma Mgunda. Hapa kipimo cha wasifu huonesha udhaifu wake mkubwa. Kocha mzawa huitwa nyumba inapowaka moto, akauzima, kisha akaambiwa asubiri mwenye wasifu. Mgunda mwenyewe aliifikisha Simba hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa mwaka 2022, na Januari iliyofuata akaletwa kocha mwingine juu yake. Kwa utaratibu huo, karatasi yake itajaa lini? Hemed alipata sare mbili, dhidi ya Zambia na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kisha akaipeleka Taifa Stars AFCON 2025 kwa ushindi wa 1-0 dhidi ya Guinea katika Uwanja wa Benjamin Mkapa, Novemba 19, 2024. Mwaka mmoja baadaye, wiki chache kabla ya fainali hizo, TFF iliachana naye na kumpa Gamondi timu kama kocha wa muda.

Nchini Moroko Taifa Stars ilifungwa na Nigeria 2-1, ikatoka sare ya 1-1 na Uganda, kisha sare ya 1-1 na Tunisia kwa bao la kusawazisha la Feisal Salum. Pointi mbili ziliipeleka hatua ya 16 bora kwa mara ya kwanza katika historia, ambako ilitolewa na wenyeji kwa bao 1-0. Pointi mbili ndizo zilezile ambazo timu ilizipata nchini Côte d'Ivoire, ikashika mkia wa kundi na kurudi nyumbani. Safari hii ziliipa nafasi ya tatu, na Angola, iliyokuwa na pointi mbili na tofauti ya mabao iliyo sawa, ikabaki nje kwa sababu ilifunga mabao mawili na Tanzania matatu. Kwa bao moja, kocha mmoja ameingia katika historia. Mwenzake aliyepata pointi mbili katika michezo miwili, si mitatu, hakumbukwi kwa hilo.

Mwaka 2027 Tanzania, Kenya na Uganda zitakuwa wenyeji wa AFCON, na wenyeji wana nafasi tayari. Kipimo cha kufuzu, ambacho kiliwapa heshima Amunike, Amrouche na Hemed, hakitakuwapo kwa kocha atakayeiongoza timu hiyo. Kitabaki kipimo ambacho hakuna aliyekifaulu. Katika fainali nne, za 1980, 2019, 2023 na 2025, Taifa Stars imecheza michezo 13, ikatoka sare mitano na kufungwa minane. Haijashinda hata mmoja. Iliyokaribia zaidi ni ile ya Zambia, Januari 2024, ilipoongoza kwa bao la Simon Msuva dhidi ya wapinzani waliobaki kumi uwanjani, hadi Patson Daka aliposawazisha dakika ya 88.