Sinema za Shule na Shule Yenyewe

Ndugu zangu tuliosoma pamoja, wengi wetu tuliijua sekondari ya Kimarekani kwa njia ya kanda za video zilizoonyeshwa bwaloni Jumamosi usiku. Tuliona vijana wenye magari yao, wakicheza muziki kutwa, na hakuna aliyeonekana akitokwa jasho kwa jaribio la Hisabati. Kwa kuwa Chuo Kikuu nilifundishwa Historia, nathubutu kuuliza: ushahidi huu unaaminika kiasi gani?

Tuchukue Grease, iliyotoka mwaka 1978 na kusimulia mwaka wa masomo wa 1958–59. Picha zilipoanza kupigwa mwaka 1977, Olivia Newton-John alikuwa na umri wa miaka 28, na Stockard Channing miaka 33. Wanafunzi hao! Sababu mojawapo ni ya kifedha. Sheria za California huweka kikomo cha saa za kazi kwa mtoto, tena mwajiri hana budi kumpatia mwalimu. Mtu mzima hana gharama hizo. Basi kijana wa miaka 16, mwenye chunusi na sauti inayokatika, hujilinganisha na watu wazima hao akajiona ndiye mwenye kasoro. Nasi tulijiona hivyo.

Cameron Crowe alijitahidi zaidi. Mwaka 1979, akiwa na miaka 22, alijifanya mwanafunzi katika shule moja ya San Diego, akaandika kitabu kilichozaa sinema ya Fast Times at Ridgemont High (1982). Humo angalau vijana wanauza vyakula baada ya masomo ili wapate fedha zao.

Lakini ushahidi mzito, kwa maoni yangu, ni High School ya Frederick Wiseman ya mwaka 1968, iliyopigwa katika shule ya Northeast, Philadelphia. Haina waigizaji wala msimulizi. Mwalimu wa nidhamu anambana mvulana mpaka akubali adhabu ambayo mwenyewe haioni kuwa ya haki. Mwishoni inasomwa barua ya mwanafunzi wa zamani anayekwenda vitani Vietnam, na msomaji anaitaja kwa fahari kuwa dalili ya kufaulu kwa shule. Ilipotoka, sinema hiyo haikuonyeshwa Philadelphia kwa kuchelea mashtaka.

Nayasema haya kwa kuwa nasikia kamati yetu inafikiria kutengeneza sinema ya shule. Naunga mkono kwa moyo wote, na mchango wangu nitautoa. Ila naomba wanaoigiza wawe watoto wa Kidato cha Kwanza wenyewe, si sisi wenye vitambi. Tena pamoja na mchakamchaka na vikombe vya mpira, waonyeshwe njuka wakiamshwa saa tisa usiku kuwachotea maji wakubwa, na viranja wakiwa wamesimama pale pale wakitazama. Baadhi ya viranja hao wamo katika kamati.