Hewa nyingi au hewa safi? Historia ya pua ya pikapu

Mwenye pikapu anayetaka gari lake livute zaidi huambiwa kwamba kikwazo kiko puani. Boksi la chujio la hewa limebana na bomba lake lina kona nyingi, kwa hiyo ling'olewe, pafungwe chujio la koni lililo wazi, na injini itapumua. Ushauri huo una ukweli ndani yake, maana hakuna mafuta yanayoungua bila hewa. Ila ukiufuatilia katika historia ya zaidi ya miaka 100, unakuta kwamba maendeleo yaliyoifaa pikapu yaliletwa na watu waliouliza hewa inavutwa kutoka wapi, na inafika kwenye silinda ikiwa na hali gani. Waliohesabu wingi wake tu walirudi gereji mapema.

Kama uwazi wa njia ya hewa ungetosha, magari ya mwanzo yangekuwa bora kuliko yote. Pikapu ya kwanza ya Ford kutoka kiwandani, Model T ya mwaka 1925, haikuwa na chujio lolote. Kabureta ilivuta hewa pamoja na kila kilichopeperuka barabarani. Madhara yalionekana mapema zaidi shambani, ambako trekta hulima ndani ya wingu lake lenyewe la vumbi. Chembe za mchanga hupenya kati ya ringi na silinda, zikachanganyika na oili na kusaga chuma kama msasa. Huko Marekani, katika jimbo la Minnesota, Frank Donaldson alianza kutengeneza machujio ya hewa ya matrekta mwaka 1915, na kampuni yenye jina lake ipo hadi leo. Baadaye likaenea chujio lenye bakuli la oili, lililodumu miaka mingi kwenye malori na Land Rover. Kisha likaja la karatasi iliyokunjwa. Mikunjo ile huweka karatasi ya eneo kubwa ndani ya boksi dogo, ili hewa ipite kwa wepesi huku vumbi likibaki nje.

Mvutano kati ya wepesi wa hewa na usafi wake ulionekana wazi zaidi katika Vita vya Pili vya Dunia. Ndege za Uingereza aina ya Spitfire Mk V zilizopelekwa Malta na Afrika Kaskazini zilifungwa chujio kubwa la Vokes chini ya pua, nalo likazipunguzia kasi. Rubani anayefukuzwa na adui ana sababu nzito ya kutaka chujio litolewe kuliko dereva yeyote wa pikapu. Hata hivyo mafundi wa jeshi la anga huko Aboukir, karibu na Alexandria, hawakuliondoa. Walibuni lingine dogo, lenye umbo jembamba zaidi. Kasi ikarudi kwa sehemu, na injini zikaendelea kukingwa. Maji nayo yalikuwa tishio: mwaka 1944, magari ya kijeshi yaliyoshuka katika fukwe za Normandy yalifungwa mabomba ya hewa yaliyoinuliwa ili yapite majini bila injini kumeza maji.

Mazoea ya kubadili njia ya hewa kwa ajili ya nguvu peke yake yalishamiri Marekani, na hayakuwa upuuzi. Chrysler 300F ya mwaka 1960 ilikuwa na mabomba marefu yaliyopimwa ili mawimbi ya hewa yaisukume hewa yenyewe ndani ya silinda. Ford Thunderbolt ya mwaka 1964 ilivutia hewa kwenye matundu ya taa za mbele, mbali na joto la injini. Sababu ni ya kifizikia: hewa ikipanda joto kwa nyuzi 3 za Selsiasi, uzito wa ujazo uleule hupungua kwa takriban asilimia 1. Injini inayovuta hewa ya nyuzi 60 chini ya boneti, wakati ya nje ina nyuzi 30, imepoteza karibu asilimia 9 ya hewa yake. Kwa hiyo koni iliyo wazi pembeni ya ekzosi huondoa kizuizi kidogo na kuleta hasara kubwa zaidi, ilhali boksi la kiwandani mara nyingi huvuta hewa kutoka kwenye fenda au nyuma ya taa.

Afrika Mashariki nayo ina sura yake katika historia hii. Mashindano ya magari ya Safari yalianza mwaka 1953 kupitia Kenya, Uganda na Tanganyika, na kufikia miaka ya 1990 Toyota Celica na Subaru Impreza zilikimbia humo zikiwa na snokeli iliyopanda kando ya kioo hadi usawa wa paa. Mantiki hiyohiyo inaonekana kwenye pikapu za Land Cruiser. Injini yao ya 1HZ, dizeli ya lita 4.2 isiyo na tabo, ikizunguka mara 3,000 kwa dakika huvuta karibu lita 6,000 za hewa kila dakika. Bomba linalochukua hewa juu ya paa hukwepa sehemu nzito ya vumbi la gari lililotangulia, na mtoni huyazuia maji, ambayo hayagandamiziki na yanaweza kupinda konrodi mara moja.

Atakayepinga atasema madereva wa mashindano hufunga machujio mepesi na wanashinda. Ni kweli, lakini injini zao hufunguliwa na kukaguliwa mara kwa mara, jambo ambalo mwenye pikapu ya kubebea matofali hawezi kulimudu. Mwingine atasema hewa zaidi hupunguza ulaji wa mafuta. Mwaka 2009 maabara ya taifa ya Oak Ridge, Marekani, iligundua kwamba hata chujio lililoziba halibadilishi ulaji huo kwa kiasi cha maana katika magari ya petroli yenye upuliziaji unaoongozwa na kompyuta. Kinachopungua ni uwezo wa kuongeza mwendo. Basi chujio lenye wepesi kidogo tu haliwezi kuahidi akiba kubwa. Kwa dizeli isiyo na tabo, pampu ndiyo inayopima mafuta, hivyo hewa ya ziada bila kugusa pampu huongeza nguvu kidogo mno. Ngurumo inayosikika baada ya boksi kutolewa ni kelele ambayo boksi hilo lilikuwa linaizima, na wengi huidhania kuwa nguvu mpya.

Kubadili kuna mahali pake: gari lililoongezwa tabo, au linalovuka mito kila masika, linahitaji njia nyingine ya hewa, yenye boksi lililofungwa na bomba linalofika kwenye hewa baridi. Kwa pikapu nyingine, fedha ya koni itumike kwanza kununua chujio jipya la ukubwa sahihi, klipu zinazobana na mpira wa bomba usio na ufa, kwa sababu ufa mdogo baada ya chujio huingiza vumbi lilelile lililowasumbua wakulima wa mwaka 1915.