Bakuli la Kilimanjaro

Jumamosi ya Mei 21, 2011, uwanja wa Sheikh Amri Abeid mjini Arusha ulichorwa mistari ambayo haukuwahi kuchorwa. Badala ya duara la katikati na visanduku viwili vya penalti, palikuwa na mistari ya kukatiza uwanja, kila baada ya yadi tano. Chuo Kikuu cha Drake kutoka Des Moines, jimbo la Iowa, kilicheza mpira wa Kimarekani na timu teule ya CONADEIP, umoja wa michezo wa vyuo binafsi vya Meksiko. Drake walishinda 17 kwa 7. Watazamaji walikuwa zaidi ya 11,000, na naamini wengi wao walikuwa wakiuona mchezo huo kwa mara ya kwanza.

Mechi iliitwa Global Kilimanjaro Bowl. Hilo "bowl" ni bakuli kweli. Mwaka 1914 Chuo Kikuu cha Yale kilifungua uwanja wenye umbo la bakuli, California wakauiga mwaka 1922, na baadaye jina likahama kutoka kwenye uwanja likakaa kwenye mechi yenyewe, hasa mechi maalumu za mwishoni mwa msimu. Kwa hiyo Arusha walileta bakuli lao na kuliweka ndani ya uwanja wa mshairi. Sheikh Kaluta Amri Abeid, aliyefariki mwaka 1964, alikuwa meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam, kisha waziri wa sheria, lakini sisi tuliosoma fasihi tunamjua zaidi kwa kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi. Sidhani kama kuna mchezo ambao ungemfurahisha zaidi mtu wa mizani na vina. Kila kitu ndani yake kinapimwa.

Nilipomweleza mjomba wangu kule Mgori jinsi unavyochezwa, nilianza na mpira usio mviringo na kofia ngumu, akanikatiza: "Wanagombania nini hasa?" Nikamjibu kwamba wanagombania ardhi. Timu yenye mpira inapewa nafasi nne za kusogea yadi kumi. Ikifanikiwa inapewa nne nyingine, ikishindwa inawaachia wenzake. Kukiwa na ubishi, waamuzi huleta mnyororo wenye urefu wa yadi kumi wakapima palepale, mbele ya watu wote. Mjomba akaelewa mara moja. Yeye ni mtu wa enzi za kukata mkuza, miaka ya 1990, vijiji vya kwetu vilipopigania kuusimamia wenyewe msitu wa Mgori na kila kijiji kikataka kujua mpaka wake unapita wapi. "Kumbe ni kesi ya mipaka," alisema, "ila hawa wanaimaliza kwa saa moja." Kwa kweli saa ya mchezo husimama kila mara, na mechi huchukua hata saa tatu. Sikumwambia.

Mechi hiyo ilitangazwa kuwa ya kwanza ya mpira wa Kimarekani barani Afrika. Mwanafunzi wa historia akisikia neno "kwanza" hutega sikio. Januari 1, 1944, katikati ya Vita vya Pili vya Dunia, wanajeshi wa Marekani walicheza mechi yao mjini Oran, Algeria, nayo wakaiita bakuli: Arab Bowl. Kwa hiyo Arusha inabaki na sifa finyu zaidi, ya kuleta vyuo. Kwangu mimi sifa hiyo inatosha, na tofauti yenyewe ina uzito. Wa Oran walikuwa wamefika kwa vita, na wenyeji hawakuulizwa. Wa Arusha walikuja kama wageni, wakatafuta watazamaji, na baada ya mechi wachezaji wa timu zote mbili wakajitolea kazi kwenye kituo cha watoto yatima, kisha Drake wakaupanda Kilimanjaro, mita 5,895.

Hata hivyo, jambo lililonifanya nikae na mechi hii kwa miezi kadhaa halikutokea Arusha. Lilitokea Stillwater, Oklahoma, Oktoba 20, 1951. Nyota wa Drake wakati huo alikuwa Johnny Bright, kijana mweusi aliyekuwa akitajwa miongoni mwa wachezaji bora wa vyuo nchini Marekani. Siku hiyo walicheza na Oklahoma A&M. Katika dakika saba za mwanzo Bright aliangushwa mara tatu akapoteza fahamu, na mchezaji mmoja mzungu alimpiga kwa kiwiko usoni wakati mpira ulikuwa umeshamtoka mikononi na uko kwingine kabisa. Taya likavunjika. Wapigapicha wawili wa gazeti la Des Moines Register, Don Ultang na John Robinson, walilinasa tukio hatua kwa hatua, na picha zao zikapata tuzo ya Pulitzer mwaka 1952. Waamuzi hawakuadhibu. Umoja wa ligi haukuchukua hatua. Drake wakajitoa kwenye ligi hiyo.

Bright alichaguliwa na Philadelphia Eagles mwaka 1952, akaikataa Marekani, akaenda Kanada, akacheza Edmonton kwa miaka mingi huku akifundisha shule. Alifariki mwaka 1983. Chuo cha Oklahoma kiliomba radhi mwaka 2005, yeye akiwa kaburini miaka 22. Mwaka uliofuata Drake wakaupa uwanja wao wa nyumbani jina lake. Maana yake vijana walioshuka Arusha mwaka 2011 walikuwa wamefanya mazoezi yao yote juu ya jina la Johnny Bright, kisha wakaja kucheza juu ya jina la Amri Abeid. Habari za mechi nilizozisoma zilizungumzia mlima, watoto na wanyama. Bright hakutajwa. Sidai kwamba ilikuwa njama. Waandishi wa michezo huandika kwa haraka, na safari ya Afrika ina picha zake zilizokwisha kuandaliwa kichwani. Lakini pale palikuwa mahali pa kumtaja.

Na hawa hawakuwa matajiri wa michezo. Ligi yao, Pioneer, haitoi ufadhili wa masomo kwa ajili ya mpira: wanalipa ada kama wenzao wa kemia na sheria. Wala bingwa wake, wakati ule, hakuwa na nafasi ya moja kwa moja kwenye mtoano wa kitaifa, kwani nafasi hiyo ilikuja mwaka 2013. Kocha wao, Chris Creighton, aliwapa bakuli la mwezi Mei vijana ambao Desemba ya mabakuli haikuwahusu.

Msimu wenyewe ulianza Septemba. Drake walishinda mechi tisa, wakapoteza mbili, wakagawana ubingwa wa ligi na San Diego. Mechi ya Arusha haimo katika hesabu hiyo.