Watu wa Kijito: Tarehe ya Ukoo wa Bach

Mwaka 1735, mwaka aliotimiza miaka 50, Johann Sebastian Bach alikaa Leipzig akaandika nasaba ya ukoo wake. Aliorodhesha wanaume 53, akampa kila mmoja nambari, akaeleza kwa maneno machache alizaliwa wapi, alishika kazi gani na aliajiriwa mji upi. Kwa Kijerumani neno Bach maana yake ni kijito, na ukiipitia orodha ile unaona kweli maji yakifuata mkondo: baba mpiga ala, mwana mpiga ala, mjukuu mpiga ala.

Vitabu vya historia ya muziki wa Ulaya huukata mkondo huo vipande. Kuna Baroki, tangu 1600 hivi hadi 1750. Kuna Klasiki, hadi mwanzoni mwa karne ya 19. Kisha kuna Romantiki. Mipaka hiyo humsaidia mwanafunzi kujibu mtihani. Lakini ukoo huu uliipita yote, na hakuna hata mmoja wao aliyesimama akasema, leo tumeingia kipindi kipya. Walichokijua wao ni nani alimfundisha nani.

Nambari moja ni Veit Bach, mwoka mikate. Alikuwa akiishi Hungaria, na katika karne ya 16, Walutheri walipobanwa kwa ajili ya imani yao, aliuza alichoweza kuuza akahamia Ujerumani. Akatua Wechmar, kijiji cha Thuringia karibu na mji wa Gotha. Kazi ikawa ileile ya unga na tanuri. Ila Veit alikuwa na ala yake ndogo ya nyuzi, jamaa ya gambusi, na kila alipokwenda kusaga nafaka aliibeba. Mawe yakisaga, naye akipiga. Johann Sebastian, kilembwe wake, anaandika jambo hilo kwa utani: mngurumo wa kinu ndio uliomfundisha mzee kushika mapigo, na huo ndio mwanzo wa muziki katika ukoo.

Veit akamzaa Hans. Hans alijua kuoka, lakini aliingia pia katika kazi ya kupiga ala, akawa akiitwa mji huu na ule, mpaka tauni ilipomchukua mwaka 1626. Hans akawazaa Johann, Christoph na Heinrich, na hao watatu ndio waliolitawanya jina. Johann akaenda Erfurt. Christoph na Heinrich wakaishia Arnstadt. Kule Erfurt wakawa wengi kiasi kwamba wapiga ala wa mji waliitwa "akina Bach" hata pale ambapo miongoni mwao hapakuwa na Bach hata mmoja.

Mpiga ala wa mji hakuwa msanii wa jukwaani. Alikuwa mwajiriwa wa halmashauri, sawa na mlinzi wa lango. Alipuliza baragumu kutoka mnarani kwa saa zilizopangwa, akapiga kanisani Jumapili, na harusini akapata ujira wa ziada. Chama cha mafundi kiliilinda kazi hiyo wasiingie wababaishaji. Kijana alikaa uanagenzi miaka kadhaa nyumbani kwa fundi, akajifunza fidla, baragumu na zumari kwa pamoja, maana mji mdogo usingemlipa mtu wa ala moja. Na alinakili. Nota zilizochapwa zilikuwa chache na ghali. Aliyetaka kuujua muziki wa mwenzake aliunakili kwa mkono wake.

Mara moja kwa mwaka ukoo ulikutana, ama Erfurt, ama Eisenach, ama Arnstadt. Johann Nikolaus Forkel, aliyetoa wasifu mashuhuri wa Bach mwaka 1802 baada ya kuandikiana na wanawe, anasimulia siku hiyo ilivyokwenda. Walianza na korali, wimbo wa ibada wa Kilutheri, kwa kuwa karibu wote walikula mkate wa kanisa au wa mji. Ibada ikiisha, mzaha unaanza. Huyu anaanzisha wimbo wa mtaani, yule anadandia na mwingine usiohusiana, wa tatu na wa nne vivyo hivyo. Maneno hayapatani hata kidogo lakini sauti zinapatana, na watu wanavunjika mbavu. Mchezo huo huitwa kwodlibeti, Kilatini cha "upendavyo". Kuzishika nyimbo nne zisigombane ndiyo sanaa yenyewe ya kontrapunti. Wao waliichezea kama watu wengine wanavyocheza bao.

Christoph wa Arnstadt alikuwa na wana pacha, Ambrosius na Johann Christoph, waliofanana hata, kwa masimulizi ya ukoo, wake zao waliwatambua kwa nguo. Ambrosius akawa mpiga ala wa mji wa Eisenach, na tarehe 21 Machi 1685 akampata Johann Sebastian. Mama alifariki mwaka 1694, baba mwaka 1695. Mtoto wa miaka kumi akapelekwa Ohrdruf kwa kaka yake mkubwa, mpiga kinanda wa kanisa aliyefundishwa na mtunzi Pachelbel.

Kaka alikuwa na kitabu cha nota za mabingwa wa wakati ule, akikifungia katika kabati lenye mlango wa fito. Mtoto alikitamani, akanyimwa. Usiku, watu wakilala, alipenyeza mkono mdogo kati ya fito, akakiviringa kitabu kwa kuwa jalada lake lilikuwa la karatasi tu, akakichomoa. Mshumaa hakuwa nao. Alinakili kwa mwanga wa mbalamwezi, miezi sita. Siku kaka alipogundua, alimnyang'anya nakala yote. Kisa hiki kimo katika tanzia iliyochapwa mwaka 1754, ambayo mwanawe Emanuel alishiriki kuiandika. Kaka aliichukua karatasi. Yaliyokwisha kuingia kichwani hakuweza kuyachukua.

Kiu hiyo haikumwacha. Mwaka 1705, akiwa mpiga kinanda wa Arnstadt mwenye umri wa miaka 20, aliomba ruhusa ya wiki nne, akaenda kwa miguu hadi Lübeck, zaidi ya kilomita 400, kumsikiliza bingwa wa kinanda, mzee Buxtehude. Alikaa karibu miezi minne. Aliporudi, waajiri walimweka kitako wakamhoji. Kisha akapita Mühlhausen, akatumikia Weimar, ambako aliposhikilia kuondoka mtawala alimfunga karibu mwezi mzima mwaka 1717, halafu Köthen. Mwaka 1723 aliajiriwa Leipzig kuwa kantori, yaani kiongozi wa muziki, wa Kanisa la Mtakatifu Thomas. Hakuwa chaguo la kwanza. Madiwani walimtaka mtunzi Telemann, kisha mwenzake Graupner, nao hawakupatikana.

Leipzig ndipo kantata zilipomiminika, karibu kila Jumapili moja mpya katika miaka ya mwanzo. Takriban 200 zimesalia. Kantata ni mahubiri yaliyowekwa katika muziki: kwaya, mwimbaji wa peke yake, ala, na aghalabu mwishoni korali ambayo kila muumini anaijua. Msharika wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) aliyekulia Moshi au Bukoba akisikia kantata namba 80 atautambua wimbo wa Luther wa Mungu aliye ngome, kwa maana njia ya wamishonari Wajerumani iliufikisha hadi katika kitabu chake cha nyimbo. Chini ya yote hayo kuna besi isiyokatika. Chelo na kinanda huishika tangu mwanzo hadi mwisho, mpiga kinanda akisoma tarakimu zilizoandikwa pamoja na nota za besi na kuzijazia sauti za kati papo hapo. Waitaliano huiita basso continuo, na hiyo ndiyo alama ya Baroki iliyo rahisi kuitambua kwa sikio.

Alama nyingine ni fuga. Si fuga ya kuku na mbuzi. Ni neno la Kilatini lenye maana ya kukimbia. Sauti ya kwanza inaingia peke yake na kauli fupi. Ya pili inaipokea kauli ileile kutoka daraja jingine, ya kwanza ikiendelea na safari yake. Ya tatu, ya nne, mpaka zote zinakimbizana na hakuna bwana wala mtumwa. Mwaka 1722 Bach alikusanya preludio na fuga 24, jozi moja kwa kila ufunguo, mkubwa na mdogo, kwa ajili ya vijana wanaojifunza. Tena wanafunzi wakazinakili.

Lakini sikio la watu lilikuwa linageuka. Mwaka 1737 mhakiki Johann Adolph Scheibe aliandika kwamba muziki wa Bach umejaa mno na umetatanika. Vijana walitaka wimbo mmoja ulio wazi juu, na chini yake usindikizaji mwepesi. Waliuita mtindo wa galanti. Mei 1747 mitindo hiyo miwili ilikutana chumba kimoja. Emanuel, mwana wa pili wa Bach kati ya wale waliovuma, alikuwa mpiga kinanda wa Mfalme Frederick wa Prussia, mfalme aliyependa filimbi. Mzee akafika Potsdam. Mfalme akampa kauli na kumwomba atunge fuga papo hapo juu ya ala mpya, piano. Mzee akaitunga kwa sauti tatu. Aliporudi nyumbani akaandika nyingine ya sauti sita na kumtumia mfalme. Ufundi ulikuwa wa zamani na ala ilikuwa ya kesho, na kati ya vyote viwili alisimama Emanuel, mwana wa mmoja na mwajiriwa wa mwingine.

Bach alifariki tarehe 28 Julai 1750, na vitabu vikaufanya mwaka huo kuwa mwisho wa Baroki. Yeye hakulijua jina hilo la kipindi. Barroco ni neno la Kireno la lulu isiyo mviringo, na mwanafalsafa Rousseau alipoliingiza katika kamusi yake ya muziki ya mwaka 1768, alilitumia kwa lawama, muziki wenye upatanifu uliovurugika. Ni wataalamu wa karne ya 20 waliolisafisha likawa jina la kipindi.

Kati ya watoto 20 aliowapata kwa wake wawili, kumi walifikia utu uzima, na wana wanne walivuma. Friedemann, mkubwa, alikuwa na kipaji kikubwa na maisha magumu; aliuza sehemu ya maandishi ya baba yake na mengine yakapotea. Emanuel aliyatunza, na mwaka 1753 akatoa kitabu cha kufundisha kinanda kisemacho kwamba asiyeguswa mwenyewe hawezi kumgusa msikilizaji. Mtunzi Haydn alijifunza mengi kutoka kwake. Friedrich alitumikia Bückeburg maisha yake yote. Mdogo wao, Johann Christian, alikwenda Italia, akawa Mkatoliki, akahamia London mwaka 1762. Miaka miwili baadaye alifikishiwa mtoto wa miaka minane kutoka Salzburg. Akampakata mbele ya kinanda, akapiga vipimo vichache, mtoto akadaka akaendeleza, kwa zamu, hadi sonata nzima ikaisha kana kwamba mpigaji ni mmoja. Mtoto huyo ni Mozart. Klasiki haikungoja tarehe ya vitabu. Ilipokewa mapajani kwa mtu wa ukoo huu.

Katika orodha ile ya nasaba, wanawake hawakupewa nambari. Anna Magdalena, mke wa pili, alikuwa mwimbaji wa ikulu ya Köthen, na aliunakili muziki wa mumewe kwa mwandiko uliofanana na wa mume huyo hata wataalamu wakauchanganya. Zile tungo sita za chelo ziitwazo suti tunazijua hasa kwa nakala yake. Mume alipokufa aliishi kwa sadaka ya mji, akafariki mwaka 1760. Kitinda mimba wao, Regina Susanna, alifika karne ya 19 katika ufukara, mpaka likatolewa tangazo la kumchangia.

Romantiki ikawageukia wazee. Tarehe 11 Machi 1829, Felix Mendelssohn, kijana wa miaka 20, aliongoza Berlin Mateso ya Kristo kwa Mathayo, kazi ambayo Leipzig iliisikia mara ya kwanza mwaka 1727. Nakala alipewa na bibi yake. Dada wa bibi huyo, Sara Levy, alikuwa mwanafunzi wa Friedemann. Mwaka 1843 sanamu ya Bach ikazinduliwa Leipzig kwa juhudi za Mendelssohn, na miongoni mwa waliohudhuria alikuwapo mzee wa miaka 83, Wilhelm Friedrich Ernst, mwana wa Friedrich wa Bückeburg. Alifariki mwaka 1845, mjukuu wa mwisho wa Johann Sebastian aliyeishi kwa muziki.

Ile nasaba ya mwaka 1735 haipo tena kwa mwandiko wa aliyeitunga. Emanuel aliihifadhi na kuiongezea maelezo, na nakala iliyotufikishia majina ya wanaume 53 iliandikwa na binti yake, Anna Carolina Philippina.