Injini za Toyota HZ na HD

Toyota HZ na HD ni familia ya injini za dizeli zenye silinda sita katika mstari mmoja na ujazo wa lita 4.2. Zilianza kutumika mwaka 1990 katika Land Cruiser. Nchini Tanzania inayojulikana zaidi ni 1HZ, iliyomo katika Land Cruiser ambayo watu huiita "mkonga" kwa sababu ya bomba lake la hewa, na pia katika baadhi ya mabasi madogo ya Coaster.

Aina zake

1HZ haina tabo, yaani kifaa cha kusukuma hewa zaidi ndani ya silinda. Dizeli hupulizwa kwanza katika chumba kidogo kilicho juu ya silinda, na moto huanzia humo. Nguvu yake ni takriban hp 130 tu, ambayo kwa gari zito kama hilo si nyingi. Ndugu yake 1HD-T ilikuwa na tabo na kupuliza dizeli moja kwa moja ndani ya silinda. 1HD-FTE ya mwaka 1998 ilikuwa na valvu 24 na udhibiti wa kielektroniki, na ikawekwa katika magari ya kifahari yanayoitwa "mashangingi".

Matumizi milimani

Hata hivyo ni 1HZ iliyodumu. Katika barabara za Milima ya Uluguru, kama ile ya kutoka Morogoro kwenda Mgeta, gari hupanda polepole kwa gia nzito, na injini hii hutoa msukumo wake mkubwa kwenye mizunguko takriban 2,200 kwa dakika. Pampu yake ya dizeli haitegemei kompyuta, hivyo fundi wa kawaida anaweza kuihudumia. Kadiri gari linavyopanda hewa hupungua, kwa takriban asilimia 10 kila mita 1,000; kwa kuwa hakuna tabo, injini huchoka na kutoa moshi mweusi.

Wakati wa masika mkonga huvuta hewa kutoka usawa wa paa. Maji yakiingia kwenye silinda hayashindiliki, na mikono ya pistoni hupinda. Kwa magari ya wagonjwa, mengi yakiwa ya aina hii, hilo si jambo dogo.

Udhaifu wake mkubwa ni mkanda wa taimingi, unaozungusha kemu na pampu ya dizeli. Hubadilishwa kila kilomita 100,000 au 150,000 kulingana na nchi, na taa ya T-BELT kwenye dashibodi hukumbusha. Ukikatika gari likiwa mlimani, injini huzimika papo hapo na valvu hugongana na pistoni. Injini ya mtumba isiyojulikana historia yake hubadilishiwa mkanda kabla ya kuwashwa, hata kama unaonekana mzima.