Ami Asema Wazee Walitembea Peku

Hebu niwape kisa. Jumatano jioni nilikuwa Kibokoni, kwenye baraza la kahawa, nikamuonyesha ami yangu picha ya buti kwenye simu. Mwezi ujao mimi na wenzangu watano twatembea Milima ya Taita siku nne, begi mgongoni, tunaanzia Wundanyi na tunataka kupanda Vuria. Buti lenyewe dukani ni 12,500. Ami akaweka kikombe chini, akanitazama kama nimemtajia bei ya gari.

"Mwanangu, wazee wetu walitoka papa hapa wakafika Kilimanjaro peku. Wewe waenda Taita tu, wataka buti la elfu kumi na mbili?"

Baraza zima likacheka. Mimi pia nikacheka, lakini nilirudi nyumbani nimekasirika. Kilichonikera ni kwamba nusu ya maneno yake ni kweli kabisa.

Reli ilianza kujengwa hapa Mombasa 1896, ikafika Kisumu 1901. Kabla ya hapo, pembe za ndovu, vitambaa, shanga, kila kitu kilienda na kurudi juu ya mtu. Mzigo wa mpagazi ulikuwa kilo 30 hivi. Begi langu nimelipima, ni kilo 12 na nshaanza kulalamika. Mnaijua Mwembe Tayari, pale tunapopandia mabasi? Wazee wa mjini husimulia kuwa chini ya huo mwembe ndipo watu walipojipanga na mizigo yao, mpaka waseme wako tayari. Ukishatoka kisiwani na kupita Rabai, mbele yako ni Nyika ya Taru: miiba, na maji ya kubahatisha. Wenye bahati walikuwa na ndara za ngozi. Wengine ni nyayo zao tu.

Aprili 1848 mmisionari Johannes Rebmann alitoka Rabai kuelekea Uchagani. Huyu ndiye tuliyefundishwa shuleni kwamba "aligundua" Kilimanjaro. Aliongozwa na Bwana Kheri, kiongozi wa misafara aliyeijua njia hiyo vizuri, pamoja na wapagazi wachache. Rebmann mwenyewe anakumbukwa kwa mwavuli wake. Tarehe 11 Mei, wakiwa wameshaipita Taita, akauona mlima una cheupe juu. Ulaya wataalamu walimbishia miaka mingi, ati theluji haiwezi kuwa karibu na Ikweta.

Ila Wachagga walishajua zamani. Rebmann alisimuliwa kwamba mtawala wa Machame aliwahi kutuma watu wapande wakaangalie hicho cheupe ni nini. Aliyerudi hai ni mmoja tu, jina lake Sabaya, na mikono na miguu yake ilikuwa imeharibiwa na baridi. Kwa hivyo ami, naam, watu walipanda peku. Muulize Sabaya.

Halafu kuna jambo ambalo barazani hatupendi kulizungumza. Hapa Pwani kiatu hakikuwa kiatu tu. Muungwana alivaa makubadhi yake ya ngozi, na nyumbani mtalawanda wa mti wa kwendea msalani. Mtumwa alitakiwa atembee peku, kichwa wazi. Ndiyo maana watu walipopata uhuru wao, kitu cha kwanza walichokimbilia ni kofia, kanga, viatu. Utumwa kwenye Pwani yetu ulipigwa marufuku 1907. Sasa mtu akiniambia wazee walitembea peku, mimi nauliza: wazee gani? Kwa sababu wengine walikuwa na makubadhi mlangoni na wengine walikatazwa kuyavaa, na si ajabu wote wawili ni babu zangu.

Na hii nyingine ilinishangaza zaidi. Funza. Mimi nilidhani funza wako Afrika tangu dunia iumbwe. Kumbe walitoka Amerika Kusini! Mwaka 1872 meli kutoka Brazil ilitia nanga Angola ikiwa na mchanga wenye funza. Kutoka pale wakavuka bara zima, na mwisho wa miaka ya 1890 walishafika upande wetu wa bahari. Walisafiri na misafara, kwenye vidole vya watu na kambi walizolala. Miaka kama 25 tu, bahari hadi bahari. Mtu mwenye funza hatembei, na mpagazi asiyetembea huachwa njiani.

Halafu ikaja Vita vya Kwanza vya Dunia. Waingereza walikusanya wapagazi kwa maelfu, wengi kwa nguvu, wabebe mizigo ya jeshi dhidi ya Wajerumani kule Tanganyika. Jina la Kariakor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar limetoka huko. Kutoka Kenya pekee walikufa zaidi ya 40,000, wengi wao kwa kuhara, nimonia na njaa kuliko risasi. Nenda Jomo Kenyatta Avenue hapa Mombasa uangalie sanamu za askari. Maandishi ya chini yanawaita wapagazi miguu na mikono ya jeshi. Nimepita pale labda mara elfu moja na sikuwahi kusimama nikasoma.

Haya, turudi kwenye buti, maana safari bado ipo.

Kwanza nilijaribu mtumba, Kongowea. Buti zuri la Kijerumani, 2,500, ngozi safi. Nikalivaa siku tatu tu, soli ikaanza kumomonyoka kama biskuti ndani ya chai. Baadaye ndio nikajifunza: soli nyingi za buti hutengenezwa kwa plastiki inayooza polepole kwa unyevu hata kama halivaliwi, na unyevu wa Mombasa mnaujua. Ukinunua mtumba, likunje buti, bonyeza soli kwa ukucha. Likiacha alama ya unga, rudisha. Jaribu jioni, mguu ukiwa umevimba, na soksi utakayotembea nayo. Ukiteremka ngazi kidole gumba kisigonge mbele, kwa sababu kwenye mteremko ndipo kucha zinapokufa.

Mwishowe sikununua lile la 12,500. Nilipata jingine la 7,000, zito kidogo, lakini jipya na linanikaa.

Ijumaa baada ya swala nilienda nalo barazani makusudi, na kanzu yangu juu. Watu walicheka mpaka kahawa ikamwagika. Ami hakucheka sana. Alivua kubadhi lake la kulia akaweka mguu juu ya benchi. Kidole cha mwisho hakina ukucha, kimepinda. "Funza," akasema. "Nilikuwa na miaka saba, shamba la nyanya yako Kisauni."

Miaka yote hii sikuwahi kukiona kile kidole.

Kisha akaniuliza kama dukani wana namba arubaini na mbili.